E341 SI NGURUWE: ACHENI KUHARAMISHA KWA NAMBA



Ndugu zangu katika imani, ile orodha ya namba za E imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Inasema kila penye E pana nguruwe, na safari hii iliyokolezwa wino ni E341. Hapa Fundo kuna mama ameshaanza kuyaogopa maziwa ya unga ya mtoto wake. Wewe uliyeisambaza, nakuuliza: nani kakufundisha?

E ni alama ya Ulaya ya kuorodhesha vitu vinavyotiwa kwenye chakula, basi. E341 ni kalsiamu fosfeti, chumvi ya madini. Viwandani kwa kawaida hutokana na mawe ya fosfeti, jinsi ya yale yanayochimbwa Minjingu kwa mbolea. Mawe hutolewa asidi, asidi ikachanganywa na chokaa. Hutiwa kwenye maziwa ya unga yasishikane mabonge, na kwenye beking pauda ili keki iumuke. Na mifupa ya dagaa unayoitafuna kila siku imejengwa kwa kalsiamu fosfeti. Utawaharamisha na dagaa?

Tena kama kila E ni nguruwe, E407 je? Hiyo hutolewa kwenye mwani, huu huu wanaoulima mama zetu maji yakiwafika magotini. Subhanallah!

Simwambii mtu ale ovyo. Ipo E542, hiyo ni fosfeti ya mifupa. Ya mnyama gani, na kachinjwa na nani? Kwetu Mashafii mfupa wa mzoga ni najisi, basi iache mpaka uone uthibitisho wa halali. Hata E341 yaweza kutengenezwa kwa mifupa, ingawa si kawaida yake. Mwenye shaka amuulize mtengenezaji, anwani iko kwenye kopo. Huo ndio uchamungu, si kubonyeza kitufe cha kutuma.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 116, Mola amezikataza ndimi zetu kusema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Yeye uongo. Mnamuogopa nguruwe, aya hamuiogopi?

Aliyeituma orodha ile arudi kwenye grupu lile lile, aandike kwamba hana ushahidi, kabla mama yule hajamnyima mtoto maziwa.

Wallahu a'lam.