Bunduki Mbovu Hurudishwa Wapi?

Mwananchi akinunua redio, nayo ikamfikia imepasuka kwa misukosuko ya safari, analo la kufanya. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na sheria ya uuzaji wa bidhaa tuliyorithi kutoka enzi za ukoloni inamruhusu kuikataa mali mbovu. Lakini iwapo alichonunua ni bunduki kuukuu, iliyosafirishwa usiku bila ya hati, atamwendea nani?

Swali hili sikulizua mimi. Nilitupiwa na mzee mmoja wa Chara, katika Delta ya Tana, nilipokwenda huko kukusanya msamiati wa mto na vyombo vyake. Alinisimulia habari za mtu wa upande ule (hakutaja kabila, nami sikumuuliza) ambaye baada ya mapigano ya mwaka 2012 aliuza karibu kila alichokuwa nacho ili apate silaha. Bunduki ilikuja kwa mashua, imefunguliwa vipande vipande na kutiwa guniani chini ya shehena. Ilipounganishwa, kitako kilikuwa kimepasuka, mtutu umepinda na kifyatulio hakirudi mahali pake. Mnunuzi alipolalamika, muuzaji alimjibu kwa maneno mawili: "Nenda kashtaki."

"Sasa, mwalimu," mzee akaniambia, "wewe uliyesoma, angeshtaki wapi?"

Wanafunzi wangu hudhani kwamba biashara ya silaha za mitumba ni jambo la juzi, lililoletwa na kuvunjika kwa dola ya Somalia mwaka 1991. Msamiati wetu unawakanusha. Kiswahili kiliwahi kuzibagua bunduki kwa uangalifu wa mtu aliyezijua kwa kuzitumia: palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na ya fataki. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha zao katika karne ya 19, zile zilizoachwa zilipakiwa merikebuni zikaletwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha zilizokuwa zikiingia kila mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikusudia kuifunga njia hiyo, ijapokuwa waliotia sahihi walikuwa wale wale waliokuwa wakiuza. Mwaka huo huo jeshi la majini la Uingereza liliiteketeza Witu, si mbali na Chara, na watu wa Witu walijibu kwa bunduki zilizokuja kwa njia hizo hizo.

Nyingi za bunduki hizo zilikuwa hafifu, na nyingine zilimpasukia mwenyewe mkononi. Sishangai kwamba leo mwanamume asiyefaa kwa lolote huitwa gumegume.

Turejee Delta. Tarehe 22 Agosti 2012 watu wasiopungua 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na wengi walikufa kwa mapanga na mikuki. Tarehe 10 Septemba, Kilelengwani, walikufa 38, wakiwemo askari polisi 9. Desemba ilikuwa zamu ya Kipao. Serikali ilitangaza kafyu, ikaleta askari wengi na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Mtu aliyesikia kwamba hata polisi wameuawa katika kituo chao alifanya hesabu yake mwenyewe: asiyeweza kujilinda atanilindaje mimi? Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, lakini sithubutu kuiita ya kijinga.

Kosa lenyewe ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Yule mnunuzi aliifunga bunduki yake kwa waya, akaificha darini. Haikuweza kufyatua hata risasi moja. Lakini habari iliyovuka mto haikuwa kwamba fulani ana chuma kibovu. Ilikuwa kwamba fulani ana bunduki. Ubovu ulikuwa siri ya mwenyewe, kwa sababu kuutangaza ni kujitangaza mhalifu na, baya zaidi, ni kuwaambia maadui kwamba hana kitu. Jirani aliyesikia naye akatafuta yake. Kwa hiyo bunduki isiyomlinda mwenyewe hata siku moja iliweza kuzaa nyingine, na pengine hiyo ya pili ilikuwa nzima.

Bidhaa nyingine zote, zikiwa mbovu, huharibu soko lake: watu huambiana, muuzaji hukimbiwa. Soko hili halina adhabu hiyo. Ndiyo maana siridhiki ninapoona viongozi wakipiga picha mbele ya moto wa silaha, kama ule wa Novemba 2016 ulioteketeza bunduki 5,250 huko Ngong. Zichomwe, naam. Lakini hofu iliyozinunua haichomeki kwa mafuta ya taa. Aidha, tangu Aprili 2021 tunacho kiwanda Ruiru, kilichotajwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka, ili dola isitegemee mno za kununua nje. Ni jambo jema kwa dola. Mkulima wa mpunga na mfugaji wa Delta hawakuwa wakiuliza bunduki ya askari imeundwa wapi. Walikuwa wakiuliza askari mwenyewe yuko wapi usiku, na atachukua muda gani kufika barabara ikiwa imejaa maji. Na walikuwa wakiuliza kuhusu ardhi na njia za ng'ombe kwenda mtoni, maswali ambayo ni ya zamani kuliko sote.

Nilimuuliza mzee iwapo bunduki ile ilisalimishwa serikalini.

"Aisalimishe aulizwe ameitoa wapi?" akasema. "Aliitupa majini."

Akaninyoshea mkono kuelekea mahali penyewe, pale mto unapopinda. Kisha tukarudi kwenye majina ya kasia na upondo.