Mitumba yaipima Jumuiya

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, viwanda vya nguo vya nyumbani vipate kupumua. Mnunuzi wa soko la Gikomba au Karume, bila shaka, hakuulizwa. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuziondoa nchi hizo katika AGOA, mpango unaoziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru.

Kenya ilijitoa mapema katika makubaliano hayo. Tanzania na Uganda zikafuata.

Rwanda ilikaza. Ushuru wake kwa kilo ya mitumba ulikuwa umepandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru Marekani. Ubabe wa Washington haushangazi. Aibu ni ya majirani walioweka saini pamoja, kisha wakamwacha mwenzao peke yake.