Shughuli Zetu, Kipindupindu na Maneno ya Watu

Harusi za kabla ya Ramadhani hazipishani, na kuna jambo tunataka tuambizane.

Kila kipindupindu kikiingia visiwani, masharti ni yaleyale: maji yachemshwe au yatiwe klorini, mikono ioshwe kwa sabuni, chakula kiliwe cha moto. Unguja na Pemba tuliyasikia sana katika mlipuko wa mwaka 2015 na 2016. Majumbani mwetu tunayafuata. Tukifika shughulini, tunayaacha.

Si ujinga, wala si ukaidi. Ni haya. Nani atamuuliza mama mwenye harusi kama maji ya juisi yamechemshwa? Nani ataikataa kachumbari mbele ya mawifi? Na mwenye shughuli naye anaogopa: akipunguza wageni, watasema hana kitu. Basi kila mmoja anamstahi mwenzake, na ugonjwa unapita katikati yetu. Tukumbuke kwamba wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, lakini wanaweza kuambukiza. Mpishi anaweza kuonekana mzima wa afya.

Wengine tunajifariji kuwa kila kitu ni kadari. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham aliposikia kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Aliulizwa, tena na sahaba mkubwa, kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kisha akaletewa hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia penye tauni, na kutoka kuikimbia ukiwa humo. Ikiwa Amirul Muuminina aliulizwa na hakutetereka, sisi tunaogopa nini?

Mgeni hawezi kuanza. Anayeweza ni mwenye shughuli, kwa sababu sharti likitoka kwake halimvunjii mtu heshima. Kwa hiyo bibi harusi, waambie wazazi wako mapema. Beseni moja la kunawia sinia zima liondoke, wasimame wasichana na birika na sabuni, kila mgeni amiminiwe. Juisi iwe ya maji yaliyochemshwa, na barafu pia, na itangazwe. Kachumbari isubiri msimu mwingine. Anayeharisha abaki nyumbani, apelekewe sahani yake na asisemwe.

Watasema, bila shaka. Wacha waseme juisi haikuwa baridi, kuliko fungate yako kuilia kwenye kambi ya wagonjwa.