MASHAURI YA NYUMBANI: Kumwajiri Fundi wa Kuchomelea Vyuma

Siku hizi ni nadra kuona nyumba mpya ya mawe katika Kenya, iwe ya mjini au ya shambani, isiyokuwa na lango la chuma na vyuma vya kuzuia wezi madirishani. Kazi nyingi za namna hii hufanywa na mafundi wa jua kali, walioitwa hivyo kwa kuwa wengi wao walifanya kazi pasipo paa la kuwafunika. Kamukunji katika Nairobi pamepata sifa kubwa kwa ufundi wa vyuma, lakini hapana haja ya kusafiri, kwani hata katika miji midogo cheche za kuchomelea huonekana kando ya barabara. Serikali nayo ilitambua thamani ya mafundi hawa, ikatoa waraka juu ya kazi zao mwaka 1992, kisha ikapitisha sheria ya biashara ndogo ndogo mwaka 2012. Basi fundi hakosekani. Lililo gumu ni kupatana naye vema.

Desturi ya watu wengi ni kuuliza bei kabla ya kueleza kazi. Mwenye nyumba huenda kwa mafundi wawili, hutaja dirisha tu, kisha humchagua aliye rahisi. Hajui kwamba pengine kilichopunguzwa si faida ya fundi, bali ni chuma chenyewe. Chukua mfano wa bomba la mraba lenye upande wa milimita 25 na urefu wa mita 6. Ukuta wake ukiwa na unene wa milimita 1.5, bomba hilo huwa na uzito wa karibu kilo 6 na nusu. Ukuta ukiwa wa milimita 1 tu, uzito ni karibu kilo 4 na nusu. Kwa macho mabomba hayo mawili ni ndugu pacha, na yakiisha kupakwa rangi hakuna awezaye kuyatenganisha. Lakini lile jembamba hutobolewa upesi na kutu, na mwizi hulipinda bila taabu kubwa. Kwa hiyo yafaa mtu ataje unene kabla ya kuuliza bei, na akiweza, aende mwenyewe dukani pamoja na fundi, bomba lipimwe kwa mzani mbele yake, apewe na risiti.

Katika kumchagua fundi, cheti cha mtihani wa ufundi ni kitu chema, lakini kazi iliyokwisha kukaa nje ni shahidi bora zaidi. Mwulize ni nyumba zipi alizotengenezea malango, ukayatazame yale yaliyopitiwa na mvua za miaka miwili au mitatu. Je, lango linafunguka bila kuinuliwa kwa bega? Bawaba zimelegea? Kutu imeanza penye viungo? Mwenye lango naye aulizwe kama kazi ilikwisha siku iliyoahidiwa. Kuuliza si ujinga.

Wakiisha kukubaliana, mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni jirani au shemeji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha, nayo itaje vipimo, aina ya chuma na unene wake, bei, siku ya kumaliza, ni nani atakayenunua vyuma, vipande vitakavyosalia ni vya nani, na ni nani atakayelipa gharama ya kuchukua na kusimamisha. Wote wawili watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake. Fedha nazo zisitolewe zote kwa mkupuo mmoja. Arbuni itolewe ya kuanzia kazi, sehemu ya pili ilipwe kazi ikikaguliwa kabla ya rangi, na iliyosalia ilipwe siku lango litakaposimama na kufungwa kwa kufuli.

Ukaguzi huo wa kabla ya rangi ndio moyo wa shauri hili, kwa kuwa rangi huficha mengi. Fundi mwenye ujuzi hushikiza kwanza pembe zote nne kwa nukta ndogo, hupima, ndipo humalizia kuchomelea akibadilisha pande, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kuivuta fremu. Mwenye nyumba achukue kamba ya kupimia, apime kutoka pembe hata pembe iliyo mkabala, kisha pembe zile mbili nyingine. Katika fremu ya mstatili, vipimo hivyo viwili visipolingana, fremu imekwenda upande. Atazame pia viungo. Kiungo chema ni cha mawimbi madogo yaliyo sawasawa, kilichoshika vyuma vyote viwili. Kibaya kina matundu, au kimekaa juu tu kama nta iliyodondoka. Ganda la taka lililo juu ya kiungo sharti liondolewe kwa nyundo, kutu isuguliwe, rangi ya kuzuia kutu ipakwe, ndipo ifuate rangi ya urembo. Ncha za mabomba zilizo wazi zizibwe, mvua isiingie ndani.

Kama kazi hufanyiwa nyumbani, watoto wawekwe mbali. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu yake huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, mtu akahisi kana kwamba ametiwa mchanga. Moshi wa chuma kilichopakwa zinki huleta homa, basi kazi hiyo ifanyiwe mahali penye upepo. Wala pipa lililokuwa na petroli lisichomelewe kamwe, hata likionekana tupu, maana mvuke uliosalia ndani waweza kulipuka na kuua.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Vyuma vya dirisha vinavyomzuia mwizi asiingie ndivyo vinavyowazuia wenye nyumba wasitoke, moto ukishika mlangoni usiku wa manane. Kwa hiyo katika kila chumba cha kulala fundi aagizwe kutengeneza walau dirisha moja ambalo vyuma vyake vina bawaba, vifunguke kwa ndani, na nafasi yake imtoshe mtu mzima kupita. Ufunguo utundikwe ndani karibu na dirisha hilo, mahali ambapo mkono wa nje haufiki, nao wote waliomo nyumbani wapajue hata gizani. Gharama ya bawaba mbili na komeo ni ndogo, tena ni vigumu kuviongeza baadaye vyuma vikiisha kujengewa ukutani.

Mwisho, haki ina pande mbili. Wako wenye nyumba wanaobadili shauri kazi ikiwa imefika nusu, wakadai pambo jipya kwa bei ile ile, au wakamzungusha fundi majuma kwa majuma akifuata salio lake. Fundi huyo ana watoto wanaongoja ada ya shule. Aliyetimiza mapatano alipwe siku ile ile, na likizuka badiliko lolote, liandikwe katika karatasi ile pamoja na bei yake. Mwenye kufanya hivyo hatasumbuka kutafuta fundi mara nyingine.