Subiri Si Huduma

Subira huvuta heri, walisema wahenga, nami nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu. Lakini wahenga hao hao walisema pia: udongo uwahi ungali maji. Methali ni kama dawa, kila moja ina ugonjwa wake. Ninacholalamikia hapa ni kwamba, kwa habari ya watoto wadogo wenye usonji, tumekosea dawa. Pale panapotakiwa kuwahi sisi tunahubiri subira, na anayelipa gharama ya mahubiri hayo ni mtoto.

Kwa msomaji ambaye neno usonji ni geni kwake, nieleze kwa ufupi. Yupo mtoto ambaye ukimwita jina hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Hanyooshi kidole kukuonyesha ndege au gari. Pengine alianza kutamka maneno mawili matatu, kisha yakapotea. Hupanga vijiti mstari mmoja kutwa nzima, huziba masikio kengele ikilia, na ukibadili njia ya kwendea kisimani hulia kama aliyechomwa moto. Si mtukutu wala si kichaa, na hajalaaniwa. Ubongo wake unakua kwa namna tofauti na wa wenzake, na urithi wa damu una sehemu kubwa katika jambo hilo. Hauambukizi. Tena wengi wa watoto hawa wakisaidiwa mapema hujifunza mengi: kuomba chakula, kuvaa, kucheza na wenzao, na wengine kusoma na kuandika.

Sasa tuangalie msaada huo unavyopatikana huku kwetu. Mama mmoja wa milima hii ya Ibaba, ambaye sitamtaja jina, alinihesabia safari zake. Mtoto alipokuwa na miaka miwili alimpeleka zahanati. Akaambiwa, "Wavulana huchelewa kusema, subiri." Alipofikisha minne aliuza debe kadhaa za maharage, akapanda gari hadi hospitali kubwa zaidi. Huko akaambiwa mtaalamu hayupo, ajaribu mbele. Mbele ni wapi? Kutoka Mbeya mjini tu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na yeye hata Mbeya yenyewe hana ndugu wa kumpokea. Mtoto alipotimiza saba alimpeleka shule. Akaambiwa, "Huyu hatakaa darasani, subiri ipatikane shule yake." Mama huyo aliniambia, "Mwalimu, kila mtu alikuwa mpole kwangu. Hakuna aliyenifukuza. Lakini kila mara nilirudi mikono mitupu."

Ndugu msomaji, usiyasome maneno hayo haraka. Huyu mama hakukutana na watu wabaya. Alikutana na upole usio na kazi ndani yake, na upole wa namna hiyo umemla mtoto wake miaka mitano.

Wapo wasemao kwamba watoto hawa ni wachache mno kushughulikiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua shule ya wanafunzi 600, ukague hesabu hiyo mwenyewe. Ungetegemea kukuta wanne au watano. Ukienda huwakuti, na mwalimu mkuu atakuambia kwa dhati kwamba katika kijiji chake hawapo. Wapo. Wako nyuma ya nyumba, na wengine wamefungiwa ndani wakati wazazi wako shambani.

Wapo pia wanaomnyooshea mama kidole. Alivunja mwiko, wanasema, au ukoo wake una jambo. Wasidhani uzushi huu ni wa vijijini peke yake. Daktari Leo Kanner alipoandika huko Marekani, mwaka 1943, habari za watoto 11 wenye hali hii, muda si mrefu wasomi wakaanza kusema kwamba chanzo ni mama mwenye moyo baridi. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 kuisukuma hoja hiyo, na akina mama wengi wa nchi tajiri walilizwa na watu wenye shahada. Hoja ile imekufa na kuzikwa. Kwa nini sisi tuifufue kwa jina la mwiko?

Wa tatu wanalaumu sindano. Chanzo cha uvumi huu ni makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010. Huko Denmark watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mzazi huunganisha mambo haya mawili kwa sababu dalili huonekana wazi katika umri ule ule wa chanjo.

Na hapo hapo ndipo penye hoja yangu kubwa. Ratiba yetu ya chanjo inamtaka mama amlete mtoto kliniki anapotimiza miezi 18, apate dozi ya pili ya surua na rubella. Mama huyu tayari ameshuka mlima. Kadi anayo mkononi, mtoto yuko mgongoni, na muuguzi amekaa mbele yake. Tunampima mtoto uzito, tunaweka nukta kwenye kadi, tunamdunga sindano, tunasema "mwingine aje". Je, ingetugharimu nini kuuliza maswali matatu? Mama, ukimwita hugeuka? Huonyesha kitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa akisema ambayo sasa hayasemi? Maswali haya hayahitaji umeme wala jengo jipya. Hayatoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa, lakini yanatosha kuandika katika kadi kwamba mtoto huyu afuatiliwe, na nani amfuatilie.

Najua nitajibiwa kwamba hata tukimtambua hatuna mtaalamu wa kumpa. Jibu hili lilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, ambayo tangu 2022 yako wazi kwa kila nchi. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaoyaendesha si lazima wawe madaktari bingwa. Muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa vizuri anaweza. Mzazi huonyeshwa namna ya kukaa chini na mtoto, kucheza mchezo ule anaoupenda mtoto, kusema maneno machache, kungoja ajibu, na kufuata utaratibu ule ule kila siku. Kazi hiyo hufanyika juu ya mkeka, hata jikoni.

Wala tusisingizie sheria. Nilikuwa mwalimu kijana mwaka 1977 tulipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe. Haikusema wote isipokuwa wasiotazama usoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikathibitisha haki ya watoto wenye ulemavu kusoma, tena ikaweka kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mtendaji wako: kamati yetu ilikaa lini, na iliandika majina gani?

Kuhusu walimu nitasema kwa uchungu zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kimefundisha walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Nimewaona baadhi ya walimu wa fani hiyo wamepangiwa vipindi vya hisabati katika madarasa ya watoto 80, na ujuzi wao umelala kabatini pamoja na vyeti vyao. Wakati huo huo Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi Mseto, kuna kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya kawaida ya msingi. Basi inawezekana. Wenzetu wa Kenya walianza vituo vya kuwapima watoto kielimu tangu 1984, wakaviweka wilayani, karibu na wazazi. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa 2016, usingoje jengo la ghorofa. Tuanze na chumba kimoja na mwalimu mmoja katika kila wilaya, na siku moja ya wiki inayojulikana, ili mama wa Ibaba ajue akishuka Itumba atamkuta nani.

Nasi majirani tusijifiche nyuma ya serikali. Baba asimwachie mama mtoto huyu kana kwamba alimzaa peke yake. Wachungaji na mapadri wasiwaahidi wazazi muujiza unaowafanya waache kliniki. Na wazazi wenyewe watafutane. Mwaka 1962 chama cha kwanza cha watoto hawa nchini Uingereza kilianzishwa na wazazi, akiwamo Lorna Wing, daktari aliyekuwa na binti mwenye usonji. Hawakusubiri kualikwa. Wazazi watano wakiingia pamoja ofisi ya ustawi wa jamii hawajibiwi kama anavyojibiwa mmoja.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, na naliomba kwa sauti kubwa. Yeyote aliye mezani, awe muuguzi, mwalimu mkuu au mtendaji, asimruhusu mama wa mtoto huyu aondoke bila vitu vitatu vilivyoandikwa kwenye karatasi: jina la mtu atakayemwona, siku ya kumwona, na zoezi moja la kufanya na mtoto nyumbani jioni ile ile. Kama hana hayo ya kumpa, ainuke ayatafute mama akiwa bado amekaa.