Mwaka 1783 na Wasiotajwa

Waandishi wengi wa tarehe ya Uingereza, wafikapo mwaka 1783, husimulia mkataba wa Paris uliokiri uhuru wa Marekani, kisha Pitt aliyepewa uwaziri mkuu hali umri wake ni miaka 24. Hayo ni kweli. Lakini mwezi Machi mwaka huo huo, mjini London, ilisikilizwa daawa ya merikebu Zong, nayo hupitwa kimya. Mabaharia wake waliwatosa baharini Waafrika wapatao 130, mwishoni mwa 1781, na wenye merikebu, matajiri wa Liverpool, wakadai bima: paundi 30 kwa kila kichwa. Wazee wa baraza wakawapa haki! Mwezi Mei Lord Mansfield akaamuru kesi isikilizwe upya. Lakini hata yeye, asifiwaye mno kwa hukumu ya Somerset ya 1772, alipima hasara ya mali, si roho za watu. Olaudah Equiano, aliyepata kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea Granville Sharp habari, na Sharp akataka wauaji washtakiwe. Hakushtakiwa hata mmoja. Mwandishi aachaye haya apate kueleza ujana wa Pitt hana udhuru wa uhaba wa karatasi: jina la merikebu lina herufi nne tu.