MGOMO WA BANDARINI WATUHUSU

Ndugu wafanyi kazi,

Hapa Kinanie hatuna bahari, lakini mahotelini twasikia: "Makuli wa Mombasa wana tamaa. Wakigoma, bei zapanda. Heri mashine."

Twawauliza wenye kusema hivyo: vibarua wa Mombasa walipogoma Januari 1947, ilikuwa tamaa au njaa? Chege Kibachia aliyewaongoza alikamatwa mwaka ule ule, akawekwa kizuizini Kabarnet. Mwaka 1955 makuli waligoma tena. Tom Mboya akaenda kuwasemea, wakapata nyongeza ya theluthi nzima. Wangalikaa kimya, nani angaliwapa?

Mashine hatuipingi. Mgongo wa mtu haukuumbwa kwa magunia. Twapinga hesabu ya upande mmoja: winchi yafanya kazi ya kikosi kizima, faida yaenda kwa tajiri, na kibarua aambiwa asirudi kesho. Nanyi mnaolia bei, tangu makontena yaje, unga umeshuka?

Wewe wa kiwandani Athi River wamcheka kuli, na mashine ya kukutoa wewe yaja katika kontena lile lile. Basi twadai mapema: kabla haijafungwa, chama kiambiwe, wanaotolewa wafundishwe kazi nyingine, na wanaobaki waongezwe mshahara.